Mboloko ya waya

Mardi, usiku. Kwangu, Kasha.

Na tena anacheka! Mutoto wa dada yangu ametoka Mwenga na mboloko, ile swala ndogo ya pori, mukavu wa moshi mu mufuko, akapita mbele ya mulango yangu, akaenda kumuuzisha mu restora moja ya Nyalukemba. Kisha anakuja kwangu mikono mitupu. Na kwetu, mutoto akiua nyama, mujomba hakosi mukono wake.

"Tonton, ile ya kugawa ilikuwa ya wakati wa wavu," anasema. "Sasa watu wote wako mu mashimo ya dhahabu. Mimi ninatega waya, peke yangu. Nigawe na nani?"

Peke yake! Sisi tulikuwa tunatoka kijiji kizima, na nyavu na imbwa. Na mbele ya kuingia mu pori, kila mutu alitapika kasirani yake mbele ya wenzake, ju wavu haitakamata kama kuna mutu anaficha roho mubaya. Watu waligombana, wakacheka, tukaenda.

Waya haiulize mutu kitu.

Sasa anakoroma mu salon yangu. Kama kesho tungeenda na wavu, ningemuamsha nimuambie yote. Lakini wavu haiko tena. Nimemufunika blanketi, na kasirani yangu ninaiandika hapa.