Njia Aliyopitishwa Butoyi

Ujiji, 4 Januari 2025

Bibi yangu Zuleha,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi ni mzima, tena mzima wa kupitiliza! Wiki tatu za ndoa, na bado Ashraf akiingia mlangoni nasahau mboga jikoni. Jana iliungua. Akaila yote, akasema tamu. Bibi, mtu huyu nilimpata wapi?

Baba mkwe, Mzee Sefu, naye ananipenda. Juzi redioni waliuliza kama mataifa yaliyotutawala yatulipe kwa mabaya ya zamani. Mzee akajipiga paja: "Walipe! Na kwanza waje waombe radhi uso kwa uso!" Nikampigia makofi.

Harusini hukuja. Njoo basi uone chumba chetu. Pazia nimeshona mwenyewe.

Mjukuu wako, Saumu

Kidahwe, 11 Januari

Mke mwenzangu Saumu,

Marahaba. Magoti yanauma siku za mvua tu. Msalimie mume wetu. Asizoee vya kuungua, kwangu hatavipata.

Si magoti yaliyonizuia harusini. Bibi yangu Bukuru alikuwa na pacha, Butoyi. Butoyi alikamatwa shambani, akapelekwa Ujiji kwa miguu, kamba shingoni, akauzwa. Msafara ulikuwa wa ukoo wa mkweo. Tangu hapo sisi hatukanyagi Ujiji. Wewe sikukukataza, maana Ashraf hakumfunga mtu kamba.

Mkweo amesema kweli, walipe. Ila hapo kwenu, nani atakuja uso kwa uso?

Bibi yako

Ujiji, 2 Februari

Bibi,

Shikamoo. Barua yako niliificha chini ya godoro hadi Ashraf aliponikuta nalia. Akaisoma, akampelekea baba yake. Siku tatu redio haijawashwa. Nikajua nimeivunja nyumba hii kabla pazia halijapauka.

Jana Mzee akasema, "Zinazolipana ni serikali. Mimi mtu mmoja nitalipa nini?"

Ashraf wangu akamjibu kwa upole, "Si ulitaka waje uso kwa uso, baba?"

Leo tangu alfajiri Mzee hayupo! Bodaboda wote wanasema hawajampakia. Namtuma mmoja wao, Jeremia, na pikipiki yake akuletee barua hii. Bibi, amekuja huko?

Saumu wako

Kidahwe, 2 Februari, jioni

Mke mwenzangu,

Tulia, yupo. Amekuja kwa miguu njia nzima, ileile aliyopitishwa Butoyi. Jeremia alimkuta barabarani akamwambia, "Panda mzee, bure!" Akakataa. Amefika viatu mkononi, malengelenge miguuni. Nikampa kiti, akakaa chini. Akasema, "Nimekuja kuomba radhi kwa Butoyi."

Nililia, mwanangu. Kisha nikamchotea maji ya kuoshea miguu, nikamkaripia: mtu mzima hutembea juani bila kofia? Sasa awadai hao wakubwa wa dunia mpaka wachoke, na mimi nitapiga kelele naye.

Jeremia anarudi na barua hii. Kesho tunakuja wote wawili, kwa bajaji. Magoti yangu hayadaiwi na mtu. Nipikie samaki, ile migebuka ya ziwani, nitakula kwako. Na usimwangalie Ashraf mpaka iive.

Bibi yako