Giaboksi Uliyotuachia Mezani

Ni mwaka mmoja leo, mume wangu, tangu ulipoondoka ghafla, na asubuhi hii binti yetu analowesha sahani za klachi kwenye oili huku mimi nikifuta springi mojamoja. Giaboksi ya gari letu dogo, uliyoifungua ukaiacha, bado iko juu ya meza ya kulia, kila kipande palepale ulipokiweka. Mwaka mzima tumekula tukipakata sahani mapajani.

Mdogo wako alichoka. "Shemeji, si uuze chuma chakavu hicho tukae mezani kama watu?"

"Ukisikia njaa, kula, shemeji. Meza ina mwenyewe."

Alicheka, kisha akajifuta macho. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nikiiunganisha tena giaboksi na kuifunga, nitakuwa nimeifunika kazi ya mwisho ya mikono yako.

Ufundi wako ulianza na giaboksi otomatiki za zamani, zilizolala nyuma ya injini na kusukuma magurudumu ya nyuma kwa shafti ndefu. Yalipokuja magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, wenzako waliyakimbia. Wewe ulivuta kigoda. Ulituonyesha injini iliyokaa kiubavu, giaboksi imebanana nayo, na difu, inayogawa nguvu kwa magurudumu, ndani ya giaboksi hiyohiyo. "Hawa ni sisi tulipopanga chumba kimoja," ulisema. "Jiko, kitanda na mgeni humohumo, na hatukugombana." Gia tatu zikawa nne, baadaye sita, na nafasi ikabaki ileile. Ulitikisa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyefungwa bao zuri.

Hukuhukumu kabla ya kunusa. Mteja akilia kwamba giaboksi imekufa, ulichovya kidole kwenye oili, ukanusa, ndipo ukasema neno. Ulinusa hata maziwa, na visingizio vya binti yako.

"Mama, sili hii ya kuzuia oili inakaa wapi?" ameniuliza sasa hivi. Nilitaka kusema sijui. Kisha nikakumbuka jibu lako.

"Muulize jirani yake."

Akatazama kilichopangwa kando yake mezani. Imeingia.

Tumefika nusu. Mdogo wako ameshaleta viti, anajifanya ni vya kukalia mafundi. Pampu na kifuniko vitangoja kesho, maana ulitukataza kukaza nati kwa mkono uliochoka. Tumetandaza shuka lako juu ya vilivyobaki.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, binti yako, mdogo wako, mama mkwe wako uliyemwita "bosi", na mafundi wenzako wote wa gereji.

Daima utakuwa nasi, hata meza itakapokuwa tupu.