Barua kwa Ndugu Tuliyemzika kwa Mgomba

Kamukuywa,
9 Juni 2025

Kwa ndugu yangu Wangila,

Mulembe, mwana wa mama. Pokea salamu za dada yako Roselyne. Sijui mtu aliyezikwa huulizwaje hali, lakini nakuuliza: unakula vizuri? Kile kifua cha utotoni kiliisha? Sisi tuko. Mvua imenyesha na maharagwe yametoka.

Anayeniandikia ni mjukuu wangu Nasimiyu, yule msichana wa daftari aliyekuja kwako Kitale. Mimi na kalamu hatujuani. Ningepiga simu, lakini wazee wamekataza nisikie sauti yako kabla kondoo wa kutakasa hajachinjwa na ule mgomba kufukuliwa. Barua hawakuitaja.

Huyu mtoto anasoma chuo kikuu mambo ya watu kuhama. Nilicheka. Nilimwambia mimi nilihama Ndalu na kuku wawili kichwani, na hakuna aliyenipa cheti. Akasema si hivyo, kukhu, ati darasa moja lina mwalimu wa historia, wa ramani, wa sheria, hata wa magonjwa, maana mtu akihama anahama na hayo yote. Wakatumwa waulize watu wa mjini walitoka wapi. Akamkuta mzee fundi cherehani karibu na msikiti, jina Adan, kumbe ni wewe. Ukamwambia ulizaliwa Ndalu, ukiitwa Wangila, na una dada Roselyne aliyekuuma sikio mkigombania muwa. Nasimiyu amelisikia hilo sikio maisha yake yote.

Aliponiambia, nilikaa chini hapo hapo uani, kwenye matope. Miaka thelathini na mitatu. Nilidhani mifupa yako iko Uganda, kumbe unashona suruali mwendo wa saa moja kwa gari kutoka mlangoni kwangu.

Amenieleza uliyomwambia. Kwamba ulipokimbia vita vya mashamba ulivuka mpaka, ukaugua, ukapona, ukaandika barua nyumbani, hukujibiwa. Kwamba uliporudi Kitale ulisikia sokoni tumekuzika, na mtu aliyezikwa haingii boma kwa miguu yake. Ukaona tumekukataa, ukakaa huko huko.

Ni kweli tulikuzika, ulipokuwa umepotea miaka saba. Tulikata mgomba uwe badala ya mwili wako, tukauvika koti lako la kahawia, tukaulaza kaburini na watu wakalia kweli. Phelista mkeo alinyolewa nywele.

Sasa sikiliza, Wangila, na wewe Nasimiyu usiache kuandika. Barua yako ilifika. Mtu wa Kimilili aliniletea mkononi, miezi miwili kabla ya mazishi. Sijui kusoma, lakini nilijua ni yako, kwa sababu alisema ametumwa na mtu mwenye sikio lililokatika. Phelista alikuwa ameshafunga nguo, anataka kuvuka na watoto akutafute. Nikaona akisikia uko hai atakwenda, na watoto wataondoka, na mimi nitabaki na mama mgonjwa katika nyumba tupu. Ulikuwa umeniacha tayari. Sikutaka kuachwa tena. Nikaificha, kisha nikawaendea wazee, nikawaambia nimekuota umekufa. Mgomba ni mimi niliyeutaka. Mama alikwenda kaburini akijua alikuzaa ukamtangulia.

Nasimiyu ameweka kalamu chini mara mbili. Nimemwambia aandike, si ndiyo kazi anayosomea.

Leo asubuhi nilimpa Phelista ile barua, haijawahi kufunguliwa. Alikuwa anapalilia. Hakunitukana, na heri angenitukana. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaenda kuoga. Nikamwambia wazee wamesema tungoje kondoo. Akasema yeye amengoja mgomba miaka ishirini na sita, kondoo atawangoja wao.

Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Mgomba wako ukifukuliwa mbele yangu, nitakuwa nimesimama hapo, useme unavyotaka, na watu wasikie.

Wanao wote wawili wazima, wana watoto. Wanakusalimu ingawa bado wanalia. Salimu na watu wa huko waliokutunza tuliposhindwa sisi.

Phelista hatumi salamu. Ameshatoka, amevaa viatu vya kanisani, na amesema atakupa mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Roselyne
(alama ya kidole)