Diski Mpya Niliyoifunga Vibaya

Mjomba Masunga,

Nakuandikia nikiwa sebuleni kwako, kwenye kiti chako, maana ndicho kinachoitazama mashine yako ya kompyuta vizuri. Usinikasirikie. Mayu, mkeo, ameniruhusu.

Tangu tukuzike kule Sapiwi mambo yamebadilika. Kiwandani kampuni nyingine imenunua mitambo ya kuchambua pamba, na kwenye meza yako ya karani mkuu amekaa mtu kutoka Mwanza asiyesalimia. Hapa nyumbani watu bado wanakuja kuulizia picha ulizowapiga: harusi, ubatizo, hata fahali waliokwisha kuuzwa. Nilikuwa nawatolea kutoka kwenye diski zako nne, kama ulivyonifundisha.

Kisha diski moja ikafa.

Mwanzoni sikuogopa sana. Ulinieleza kuwa umezipanga ili moja ikifa, tatu zilizobaki ziweze kuijaza mpya itakayowekwa mahali pake. Nikapanda basi hadi Mwanza, nikanunua diski ambayo boksi lake linasema ina kasi mara mbili ya zako. Niliporudi nikakuta tundu la ile iliyokufa limevunjika ndani ya mashine. Nikaichomeka mpya kwa nyuma, kwa waya wa USB. Nilijiambia: ina mbio, itafidia.

Ulishaniambia, Mjomba. Siku ile tulipopita Kasoli ulinionyesha maksai wanne kwenye plau moja, mmoja anachechemea. "Unamwona yule mnene wa mbele? Leo mwendo wake ni wa yule kilema." Nikacheka. Kwetu tukinunua maksai kijana tunamfunga na mzee, na kijana anambeba mwenzake. Nikadhani diski nazo ni hivyo hivyo. Sikuelewa kwamba mbio za diski si kitu kama mlango wa kupitishia data ni mwembamba. Kwa waya ule wa USB nimeifunga kwenye mlango mwembamba kuliko yote, na zile tatu zimesimama zinaingojea.

Kazi ambayo ingekwisha kwa siku moja, leo ni siku ya tano. Juzi umeme ulikatika, betri yako ikashika dakika chache tu, na mashine ikaanza upya kutoka sifuri. Sasa inasema asilimia arobaini na moja. Na diski ile uliyoiandika "Mzee" kwa kalamu nyekundu imeanza kugonga. Inagonga, inanyamaza, inagonga tena. Ikifa kabla kazi haijakwisha, hakuna kitakachobaki. Nikiizima mashine nitafute tundu lingine, labda Mzee hataamka. Nikiiacha... sijui. Nanyoosha mkono kwenye swichi, naurudisha. Wewe ungejua.

Mayu huniletea chai na kuuliza, "Bado inacheua tu?" Najibu kuwa bado. Anaingoja video ya ubatizo wa mtoto wenu Ng'washi, ile ambayo unacheka nyuma ya kamera hadi picha inatikisika. Anataka isikike Jumapili, siku ya kuweka msalaba kaburini. Hakuna mahali pengine sauti yako ilipobaki. Amekwisha kuwatumia ujumbe ndugu zako wa Lagangabilili kwamba watakusikia. Wanakuja wote, Mjomba. Na mimi nakunywa chai yake, nasema bado.

Sina uwezo wa kukuahidi sauti yako. Ningeweza, ningeahidi. Ninachokuahidi ni kwamba Mayu akija kuchukua kikombe nitasimama, nitamwambia kuwa kosa ni langu, si la mashine yako, tena nitamwambia kabla diski haijasema lolote. Kisha nitabaki hapa hapa. Hata kama ni kukaa tu.

Arobaini na mbili.

Pumzika, Mjomba. Nasikia ndala zake uani.

Mpwa wako,
Maduhu