Sasa, kwa Kihungari

Jumatano. Houston leo imechemka mpaka usukani umeniunguza viganja.

Mimi ni dereva wa wagonjwa, na nasema bila haya: kutoka Gulfton mpaka Sugar Land hakuna anayekunja kona kama mimi. Shule niliachia darasa la saba, lakini lugha ninazo kushinda maprofesa. Kiarabu cha kuombea dua, Kihispania cha kuombea pilipili, Kiingereza cha kuombea msamaha kwa polisi.

Basi leo nimempakia Bibi Ilona, ajuza wa Kihungari ninayempeleka kusafishwa figo. Akafungulia kwenye simu yake wimbo wa kwao, wa vijana, ngoma inadunda. Kiitikio chote neno moja: most, most, most.

Nikajitia mjuzi. "Bibi, huyu ana tamaa! Anataka kingi kuliko watu wote!"

Akacheka mpaka akakohoa. "Si Kiingereza hicho, mjinga wangu. Kwetu most ni sasa. Anasema jana imeshaliwa, kesho haijapikwa, kula kilichoko mezani."

Sasa!

Subhanallah. Si ndiyo salamu yetu Wakenya? Asubuhi mpaka jioni, "Sasa?" "Poa." Wimbo mzima tumeubeba mdomoni, hata hatuusikii. Na huyu anayekwenda kufungwa kwenye mashine anajipiga mapaja kwa mdundo, macho yanang'aa kama bi harusi. Neno lile likanichoma.

Maana mama yangu Mombasa macho yanamfifia. Kila akiuliza naja lini, namjibu, "Sasa hivi, Mama, kazi ikitulia." Juzi akaniambia, "Mwanangu, hiyo sasa hivi yako imeota mvi. Utakuja nikupapase uso ndiyo nijue ni wewe."

Juzi nilicheka.

Nilipomshusha Bibi Ilona sikuondoka pale maegeshoni. Nikakata tiketi kwenye simu, kisha nikapiga nyumbani.

"Mama, sasa?"

"Sasa nini? Mimi rika lako?"

"Sasa nakuja. Ijumaa nikishaswali tu, naelekea uwanja wa ndege."



"Uvae kanzu ya buluu," akasema. "Buluu bado naiona."

Mwenye lugha zote nikamjibu kwa maneno mawili: "Naam, Mama."

Kanzu nimeshaipiga pasi, inaning'inia mlangoni. Hiyo kesho itajijua yenyewe.