Kabla Sijaamua Nani Atabaki Hai

Mpendwa dada yangu Wanjiku,

Nakuandikia nikiwa Ruiru, nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, miguu imefura mpaka navaa ndara za mume wangu. Ndiyo, nina mimba, na mwezi wa tisa umeingia. Ungekuwepo ungekuwa unanipigia simu kila saa kuuliza kama mtoto amecheza.

Jumatatu pia naanza shindano la kuandika riwaya kwa mwezi mmoja. Tuko kikundi cha marafiki kwenye simu, na kila mtu ametakiwa kupanga ploti yake, yaani mtiririko wa hadithi, mapema asije akakwama katikati. Nilipomwambia Mami kwamba ploti inanisumbua, alishtuka. "Umenunua ploti? Wapi? Title ya shamba umeona kwa macho yako?" Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke. Ndiyo mara ya mwisho nimecheka wiki hii.

Kutunga ulinifundisha wewe. Unakumbuka Thika, tukikata sukuma wiki kwenye ngazi za ile nyumba ya Makongeni? Ulikuwa na mhusika wako, mama wa mitumba aliyemtoroka mume mkali, na kila jioni ulimletea balaa jipya. Mimi nasahau kisu mkononi. "Halafu?" nakuuliza. "Halafu maji yamechemka, lete mboga." Siku moja nilijaribu kutunga yangu, nikakwama, ukaniambia: "Usianze hadithi kabla hujajua nani atabaki hai."

Basi hapo ndipo nilipokwama. Mhusika wangu anaitwa Ciru. Anauza chai na mandazi mtaani Kiuu, ana mimba, na mwanamume wake amehama bila kuaga. Mwanzo niliupanga vizuri: ugomvi na mwenye nyumba, jirani mwenye wivu, hata harusi ya kanisani. Lakini nikifika siku ya Ciru kujifungua, mwili unaniingia baridi. Nikipanga apone, naona kama nakusahau. Nikipanga afe, naona kama najiandikia mwenyewe. Nikaifuta mimba yake kabisa kwenye hadithi, nikampa kesi ya shamba badala yake, na hadithi nzima ikalala kama ugali wa jana.

Wewe uliondoka nyumbani kwenda kujifungua ukitembea kwa miguu yako, Wanjiku. Uliniachia nguo za mtoto nizifue. Nilizianika zote kwenye kamba, zile soksi ndogo nikazibana mbili mbili. Halafu nikamwona Mami akiingia getini na mwanao Nyambura amefungwa kwa shuka yako. Mimi nikaangalia nyuma yake, nikikungoja utokee.

Tangu siku hiyo sikuuliza kitu. Nilijiambia kwamba wewe na mtoto hamkuonana, na nikaishi hivyo miaka yote.

Kliniki wananiambia niko sawa, presha iko sawa, mtoto amegeuka vizuri. Naitikia, natoka nje, na woga unanifuata. Kamau, mume wangu, akaniona nikilia juu ya karatasi zangu. "Si hii kitabu uiwache kwanza? Itakumaliza." Nikaliogopa hata hilo neno lake.

Jumamosi nilienda Theta, kule Mami alikohamia kulima. Alikuwa anapukuchua mahindi. Nilikaa karibu naye, nikachukua hindi moja, na kabla woga haujanizuia nikauliza, "Mami, Wanjiku alimwona mtoto?"

Vidole vyake vilisimama.

"Alimshika," akasema. "Alimweka hapa kifuani. Akasema, 'Mami, ona masikio, ni ya baba kabisa.' Akacheka. Halafu akaniambia nimbebe kidogo, yeye anasikia baridi." Akapangusa uso kwa leso. "Watu wote huniuliza vile alikufa. Hakuna mtu ashawahi kuniuliza hiyo."

Nyambura alikuwa amesimama mlangoni na kikombe changu cha chai. Sasa ni msichana mkubwa, Wanjiku, amenipita urefu. Alikiweka chini, akaja akajibana katikati yetu, akajishika masikio yote mawili. "Cucu, sema tena," akamwambia nyanya yake. Mami akasema tena, yote, pole pole. Tulilia watu watatu, na mahindi yakabaki hapo mpaka kuku wakayavamia.

Niliporudi Ruiru nilitandika karatasi zangu kitandani, nikaipanga ploti upya. Ile siku ya kujifungua, ambayo nilikuwa nimeisukuma mpaka mwisho wa kitabu, nimeileta sura ya kwanza. Ciru atamshika mtoto wake, ataogopa, atasikia baridi, na atafunikwa blanketi. Atabaki hai.

Usidhani nimepata ujasiri. Naogopa sana, dada. Naogopa nikiamka, naogopa nikifunga zipu ya begi la hospitali. Labda uchungu utanishika kabla ya Jumatatu na nisiandike hata mstari. Lakini sasa nikizipitia karatasi hizo, kujifungua kunapita mapema, na mbele yake kuna kitabu kizima ambacho Ciru lazima aishi ndipo kijae.

Pumzika, Wanjiku. Mwanao yuko salama kwetu, na mimi ninaingia kwenye zamu yangu ya kujifungua.

Mdogo wako anayekupenda.