Wivu wa Nini, Kamyo ya Papa

Birere, Goma
Tarehe 14 Septemba 2014

Mpendwa yaya Élisée, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu sote, kubwa kwa ndogo. Habari za Lubumbashi? Ile baridi ya asubuhi imepungua, au bado unajifunga shali shingoni kama muzee? Wifi yangu Rosette na watoto wanaendelea namna gani? Yule wa mwisho alikuwa na kikohozi wakati wa Pasaka. Natumaini kimemwacha, na kama bado, asali na limau, si zile dawa za maji za dukani.

Sisi huku tuko, tunamshukuru Mungu. Bunduki za upande wa Kibumba zimenyamaza tangu mwaka jana na tunalala. Mama ana magoti yake na tansio yake ya damu, lakini misa ya alfajiri haikosi, na bado anagombana na kwaya kwa sababu wanaimba haraka. Ukiona anagombana ujue mzima.

Nakuandikia badala ya kupiga simu, na sababu unaijua. Kila nikitaja jina la Papa, simu yako inakosa rezo, mtandao unakatika. Ajabu kweli, rezo ya Lubumbashi! Barua haikatwi. Ukiitupa, Rosette ataiokota akusomee kwa sauti, tumeshakubaliana. Kwa hiyo kaa chini.

Kwanza nikupe habari za wazee wa vyuma. Unakumbuka ule ua nyuma ya duka langu la spea? Kila Jumamosi wanakuja pale wazee waliokuwa madereva na mafundi, wanaketi juu ya matairi, wanabishana mpaka wananimalizia chai. Wanajiita Chama cha Marafiki wa Magari ya Zamani, lakini Birere nzima inawaita wazee wa vyuma. Mwanzoni niliwacheka sana. Unaona watu wenye wajukuu wanataka kushikana mashati kwa ajili ya taa ya gari. Wamekusanya honi, pleti za namba, picha, na gari moja dogo lililotolewa kwenye mawe ya volkano ya 2002 likiwa nusu. Hiyo nusu wanaifuta vumbi kila wiki kama inakwenda harusini.

Polepole nikaelewa wanachotafuta. Wewe unajua yaliyotupitia hapa: wakimbizi wa 94, vita ya 96, ya 98, na nyingine baadaye. Kila mara magari yaliondoka na watu na hayakurudi. Chama kinataka kujua kila kamyo iliyobeba maharagwe na watu wa mji huu iliendeshwa na nani na iliishia wapi. Rais wao, muzee Laurent, aliyeendesha magari barabara ya Butembo maisha yake yote, anasema hataki kufa kabla hajazipata zote. Anawatafuta madereva wa zamani mpaka vitandani mwao na kuwauliza.

Siku moja wakafika kwenye yetu, kamyo ya Papa. Ile ya bluu, yenye pua ndefu, na maneno WIVU WA NINI juu ya kioo cha mbele. Laurent akaniuliza iliishia wapi. Nikamjibu vile tunavyojibu sote, Kisangani, halafu nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Niliona haya, yaya.

Najua hupendi nilirudie jambo hili, lakini lazima. Ilikuwa Novemba 96, kambi ya Mugunga imepasuka, watu wanakimbilia magharibi. Askari walisimamisha kamyo hapo Sake, wewe ukiwa utingo wa Papa, wakaijaza watu. Papa akakushusha, akakupiga kofi mbele ya wote, akakuita mwizi wa mazutu, eti umeiba dizeli ya gari, akakufukuza. Ulikuwa mtu mzima wa miaka kumi na tisa na ulifika nyumbani kwa miguu, umelia njia nzima, na hukuwa umeiba kitu. Halafu mwaka uliofuata mchuuzi mmoja akatuletea habari kwamba ameiona Wivu wa Nini Kisangani, imepakia, na dereva ana bibi mpya. Ukasema mtu aliye hai hafanyiwi matanga. Wewe ndiwe mkubwa, nani angeyafanya bila wewe? Ukapanda ndege ukaenda zako. Mama akabaki si mjane, si mke, na wanawake wa kwaya wakimtazama kwa pembe ya jicho mpaka leo.

Sikulaumu. Kama kofi lile lingekuwa langu, mimi ningekwenda mbali kuliko Lubumbashi.

Basi Laurent hakuridhika na jibu langu. Akanifanya nimweleze habari ya yule mchuuzi, akauliza kama aliona pua ya gari. Nikamwambia aliona jina, lilikuwa limeandikwa herufi kubwa, hata kipofu angelisoma. Akatikisa kichwa. Kwa watu hawa jina ni rangi tu, gari ni gari. Wakaenda kumtafuta Honoré, yule mwandishi wa maneno ya magari aliyekuwa na kibanda karibu na mpaka, aliyekuwa akipaka rangi huku redio iko begani. Siku hizi haoni vizuri, lakini kichwa chake kizima. Akajibu papo hapo kwamba Wivu wa Nini aliandika mara mbili. Yetu ilikuwa ya kwanza. Baadaye tajiri mmoja aliyapenda yale maneno, akaomba naye aandikiwe kwenye kamyo yake nyeupe, isiyo na pua, bapa mbele kama sanduku. Hiyo nyeupe ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi Kisangani.

Wazee wakamfuata mchuuzi mpaka kwake. Alikumbuka jina la kamyo, alimkumbuka bibi mpya wa dereva, hata kitenge alichovaa. Na kamyo ilikuwa rangi gani? Nyeupe, akasema, kwani kuna nini?

Nilikaa juu ya tairi nikalia. Wazee wakaacha ubishi wao, wakanimiminia chai yangu mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea Jumamosi hata moja. Mtu tuliyemsema na kumkasirikia miaka hii yote hakuwa Papa wetu, alikuwa dereva wa watu wengine.

Sasa ikabaki kujua ile ya bluu ilikwenda wapi. Mara ya mwisho ilionekana ikipanda kuelekea Masisi, kwa hiyo chama kikaamua kuwauliza watu wa Masisi. Nao hawako mbali, masikini, vita imewaleta Mugunga, kambi tena, mahali palepale. Tulichukua ile picha ya Krismasi ambapo Papa ameegemea boneti, tukaizungusha hema kwa hema.

Mama mmoja, jina lake Perpétue, alikuwa akipepeta maharagwe. Akaishika picha, na wala hakumtazama Papa, alitazama kamyo. Akasema boneti hiyo anaijua, ameanika maharagwe yake juu yake miaka na miaka, gari liko pembeni mwa shamba lake kwenye kona ya mlima, mbele ya Masisi. Halafu akamtazama mtu wa kwenye picha. Akanitazama mimi. Akaweka ungo chini, akanishika mkono.

Alinieleza hivi. Kamyo ilifika kwao imejaa wanawake, wazee na watoto. Kwenye ile kona ekseli ikakatika. Askari walikuwa wameshatawanyika, na watu wakaendelea kwa miguu. Papa hakwenda nao. Kurudi hakuweza, nyuma yake vita ilikuwa imefunga barabara, na unamjua, dereva wa zamani yule, gari bovu haliachi peke yake. Akawa analala chini ya kamyo na kula kwa Perpétue na mume wake, marehemu Télesphore. Aliwazibia masufuria yao yote. Alikuwa akingoja njia ifunguke ili atume mtu Goma kutafuta ekseli. Homa ikamshika kabla ya Krismasi, na dawa hakuna. Télesphore alimzika juu ya ile kona, wakamsalia rozari. Ukoo wake hawakuujua, kwao alikuwa Papa Lévi wa kamyo. Wangempelekea nani habari, wakati nao walikuwa wanakimbia na kurudi, wanakimbia na kurudi? Kila waliporudi walilipalilia kaburi pamoja na shamba.

Sasa soma polepole. Perpétue alisema katika ile homa Papa alikuwa na neno moja ambalo halikumwacha. Nilimwomba alirudie ili nisipoteze hata kipande:

“Mutoto wangu wa kwanza nilimupiga kofi Sake, nikamwita mwizi mbele ya askari ili wamufukuze. Walitaka kumupeleka naye. Mutu mumoja wa nyumba anatosha. Hakuiba hata tone.”

Hakuiba hata tone, yaya. Nimeandika tena ili uione vizuri.

Mwezi wa nane tukaenda. Mama tulimkataza kwa sababu ya magoti. Akavaa viatu, akaingia kwenye jipi ya Édouard, fundi wa chama, akafunga mlango, na hakuna aliyethubutu kuufungua. Perpétue alituonyesha njia. Jipi ile ina umri wangu na ilizima mara nyingi kuliko ilivyotembea, na kila ikizima wazee walifurahi, wanashuka na spana zao kama watoto siku ya sikukuu. Kwenye vizuizi tuliwaambia askari tunakwenda kutazama gari bovu. Walitucheka wakatufungulia.

Kamyo iko. Haina matairi, haina vioo, imezama udongoni mpaka ekseli, na mboga ya maboga imepanda mpaka kwenye kiti cha dereva. Bluu bado unaiona chini ya kutu. Juu ya mahali palipokuwa na kioo limebaki neno moja, WIVU. Unakumbuka Mama alivyokuwa akisema kwamba yale maneno Papa hakuwaandikia majirani, alimwandikia yeye? Alilipapasa lile neno kwa kiganja, akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

Kaburi liko hatua chache juu yake, limezungushiwa mawe. Na upande wa chini, kwenye mteremko, kuna ile kabari ya Papa, gogo lile la mti mgumu aliloweka nyuma ya gurudumu kila aliposimama mlimani. Lile ambalo ulikuwa unaruka nalo chini kabla gari halijatulia, na Mama akifumba macho. Bawaba ya mlango wa nyumba yetu ya kwanza kule Butembo, ambayo Papa aliipigilia juu yake iwe mshikio, bado ipo. Mama aliitambua kabla hata hatujamwonyesha kaburi. Perpétue alieleza kwamba mlima ule ni mkali na mvua inakokota kila kitu, na kamyo ilikuwa imeshazama, haihitaji tena kabari. Kwa hiyo Télesphore aliichukua akaiweka miguuni pa Papa, asiteremke.

Mama alimkumbatia yule mwanamke akamwambia wasingya, asante, kwa Kinande chetu, mara nyingi, na Perpétue, ambaye Kinande hakijui, akawa anaitikia tu. Naye alilia, maana shamba lake limeota majani na nyumba haipo. Tukalia pamoja, kila mmoja na lake.

Halafu muzee Laurent akavua kofia. Nilijua anachotaka, na yeye mwenyewe alisema anaona aibu kuomba. Chama kina honi na taa na pleti, lakini kabari ya dereva, tena kabari kama hii, hawana, na mvua ya hapo itaiozesha. Angeitunza kama jicho lake. Wote tukamtazama Mama.

“Muiache, papa,” Mama akamwambia Laurent. “Bado iko kazini.”

Laurent akarudisha kofia kichwani, akawaita wenzake. Walipiga picha, wakapima, wakaandika mahali kamyo ilipoishia, na tulipoanza kuteremka Édouard akapiga honi ndefu kwenye kona, kama madereva walivyokuwa wakiagana zamani. Kamyo yenyewe itabaki palepale. Amani ikirudi Perpétue ataanika maharagwe yake.

Sijui utasikia nini ukisoma haya. Mimi niliporudi nilimkasirikia Papa upya. Nilimwambia Laurent, si angekunong'oneza tu, kuliko kukubebesha aibu hiyo maisha yote? Laurent akajibu kwamba ungenong'onezwa usingeshuka. Amesema kweli. Nakijua kichwa chako.

Mama amevaa nguo ya mjane, na nakuambia kweli, anatembea wima kuliko zamani. Padri amekubali misa mwisho wa Novemba. Sufuria tutaazima, kuni zipo, wazee wa vyuma watakuja wote. Lakini moto wa matanga Mama hataki uwashwe na mkono mwingine, anamngoja mkubwa wake.

Émile mume wangu anakusalimu, anasema kitanda chako kipo. Muzee Laurent anakusalimu, anataka umweleze mlio wa ile injini, kwa hiyo jiandae. Perpétue anakusalimu sana, anataka kuuona uso wa yule aliyepigwa kofi. Mbusu Rosette na watoto wote kwa niaba yangu. Mungu aliyemtunza Papa kwa mikono ya watu tusiowajua akutunze na wewe njiani.

Mama yuko hapa mezani, ananiuliza kama nimemaliza. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Anafuta macho, anacheka, na amesema: “Mwambie yule mwizi wa mazutu arudi nyumbani.”

Mimi mdogo wako, ambaye hakuacha kukupenda hata ulipokata simu,

Kahindo